Mkamwana Asiyetakiwa

Dean alikuwa amekwisha kumwagizia chakula.

Donatienne aliliona hilo kabla hata hajakung'uta theluji viatuni. Kwenye meza ya pembeni mwa dirisha la mkahawa, walipozoea kukaa kila Jumamosi, bakuli la tambi za supu ya ng'ombe lilikuwa likifuka mvuke mbele ya kiti kitupu, na kando yake ile chai baridi ya maziwa yenye punje nyeusi za muhogo. Miezi michache nyuma jambo kama hilo lingemyeyusha. Mwanamume anayekumbuka unapenda nini! Lakini leo, ndani ya basi, alikuwa amejiambia kwamba ataagiza wali wa nyama, ule wa sosi nzito na yai la kahawia juu yake. Basi, ni kitu kidogo. Mtu mzima hanuni kwa sababu ya bakuli la supu.

"Umechelewa, Dona," Dean alisema, akainuka kumvua koti. Midomo yake ilikuwa ya moto kwenye shavu lake lililoganda.

"Basi lilichelewa. Unazijua barabara za Scarborough zikipigwa na theluji."

"Basi haikuchelewa." Alikuwa akitabasamu. "Ulipitia kwa Joyeuse, Malvern. Halafu ukasimama kwa duka ya dawa. Ungeniambia, mpenzi. Ningekuja kukuchukua."

Donatienne alicheka, maana hakujua afanye nini kingine. Ni kweli mwanzoni mwa baridi alimruhusu aweke kwenye simu yake kile kitu cha kuonyesha alipo. Baridi ya huku inaua mtu, Dean alisema, nikijua uko wapi nalala usingizi. Nani angekataa kupendwa hivyo? Ila mchana ule Joyeuse, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, alimtazama kwa jicho la pembeni akamwuliza, "Ma chère, huyo bwana anakupenda au anakuchunga?" Wakagombana kidogo. Njia nzima Donatienne alikuwa akijitetea mbele ya Joyeuse ambaye hakuwepo.

Sasa alimtazama Dean akilitundika koti lake nyuma ya kiti chake mwenyewe, taratibu, akinyoosha mabega ya lile koti kana kwamba alikuwa ndani yake. Ile ndiyo mikono iliyomteka. Bibi yake Dean alilelewa katika nyumba ya wazee kule Weston, anakofanya kazi Donatienne. Kwa uzee Kiingereza kilikuwa kimemtoka bibi yule, akabaki na Kiswahili cha Tanga alikozaliwa, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa mfanyakazi mmoja, mtoto wa Uvira aliyesomea katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Siku moja mjukuu akaja, akamkuta Donatienne anamwimbia bibi huku anamlisha. Alichukua kitana, akakaa upande wa pili wa kitanda, akaanza kumchana bibi nywele, polepole, machozi yanamdondoka. Bibi alipozikwa, Dean alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji wa moyo wa Donatienne.

Hata Kiswahili chake alikipenda. Watu wa kwao, Wagoa wenye asili ya India, walihamia Canada yeye akiwa mtoto mdogo, na ngeli zikampotelea njiani.

"Leo Mum anakuja," Dean alisema.

Kijiti cha kulia tambi kilimponyoka Donatienne. "Hapa? Leo? Dean, mbona hukuniambia? Ningevaa—"

"Uko mzuri. Na usiogope. Najua vile alisema, lakini mimi niko."

Vile alisema. Donatienne hakuhitaji kukumbushwa. Mama yake Dean, Bi Lourdes, alikataa kukutana naye tangu kiangazi. Alisema, kwa mujibu wa Dean, kwamba hawezi kukaa meza moja na Mkongo mfua mashuka ya vizee. Maneno hayo Donatienne alilala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo kazini akayafua mashuka yenyewe.

"Simu," Dean alisema, akanyoosha kiganja. "Mum hapendi simu kwa meza."

Alimpa. Dean akaitia kwenye mfuko wa ndani wa jaketi lake, upande wa moyo.

* * *

Bi Lourdes aliingia pamoja na baridi. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mvi zimekatwa usawa wa masikio, koti pana la rangi ya zambarau linamfika miguuni. Mkahawa ulijaa: wanafunzi walioinamia bakuli zao, familia inayogombania kuku wa kukaanga na majani ya mrehani, moshi wa jikoni uliotia ukungu vioo. Yeye alisimama mlangoni akautafuta uso mmoja tu. Alipouona aliukazia macho muda mrefu, mpaka Donatienne akahisi anapimwa kama kitambaa.

Aliinuka, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Sauti haikuwa na ukali. Ilikuwa imechoka. Mama yule alianza kuvuta kiti cha upande wa Donatienne.

"Mum. Kaa hapa," Dean alisema, akipigapiga kiti cha upande wake.

Mkono wa Bi Lourdes ulibaki juu ya kile kiti kwa nukta moja. Kisha akazunguka meza, akakaa alipoambiwa, bila kuvua koti.

Kumbe naye alikuwa amekwisha kuagiziwa. Mwenye mkahawa, mama mfupi wa Kitaiwani aliyejifunga aproni nyekundu, alileta chapati za vitunguu majani na omleti ya chaza, akamtabasamia Donatienne kama mteja wa siku zote. Bi Lourdes alimega chapati, akaishika, hakuila.

"Unaitwa Donatienne."

"Ndiyo, Mama."

"Wazazi wako wapi?"

"Baba alifariki. Maman yuko Uvira. Hapa niko na kaka yangu Évariste, tunakaa pamoja Weston."

"Kaka yako anamjua mwanangu vizuri?"

"Anamjua enough," Dean alisema.

"Nimemwuliza yeye."

"Na mimi nimejibu, Mum."

Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake, pale mezani, kwa upole, kama mwana yeyote. Bi Lourdes akanyamaza. Alinyamaza ghafla, katikati ya pumzi, na Donatienne akajikuta anaitazama ile mikono miwili bila kujua kwa nini inamtia ubaridi.

"Mimi siitaki ndoa hii," Bi Lourdes alisema mwishowe, akiyaangalia maji kwenye glasi. "Nilisema nyumbani, na sasa nasema mbele yake. Siitaki."

Donatienne alikiweka kijiko chini. Alikuwa amejiandaa kwa hili, lakini nani hujiandaa akaweza? Alijilazimisha kusema, "Mama, kama nimekukosea—"

"Unaona?" Dean alimkatiza. Hakuwa amekasirika. Macho yake yaling'aa, karibu ya furaha. "Unaona vile watu wako, Dona? Mum hataki. Kaka yako ananuna. Joyeuse anakuambia maneno. Wote wanataka kutuharibu. Ni mimi na wewe tu. Sisi hatuhitaji mtu." Akatoa simu yake, akaigeuza waione. "Na mimi nimefanya kazi yangu. Tazama."

Ilikuwa picha ya nyumba. Nyumba ndogo ya matofali, theluji imelala juu ya paa, mlango wa buluu.

"Pickering. Leo asubuhi nimepewa ufunguo. Ya kwetu."

Moyo wa Donatienne uliruka licha ya yote. Nyumba! Miaka yote hii ya kulala sebuleni kwa kaka yake, nguo zake ndani ya sanduku nyuma ya kochi. "Dean! Ni nzuri mno."

"Nyumba njema si mlango," Bi Lourdes alisema taratibu.

"Mlango tutabadilisha, Mum. Ni ya zamani."

Lakini Donatienne alikuwa amesoma Kigoma, na methali zile walizikariri darasani mpaka wakaziota usingizini. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Aliinua macho. Mama yule alikuwa anamtazama, na macho yale hayakuwa ya mtu anayechukia. Yalikuwa kama macho ya wazee wake kule Weston wanapotaka kusema kitu na mdomo unakataa.

"Na kazi usifikirie tena," Dean aliendelea, akimchotea kipande cha nyama bakulini kwake. "Jana niliwapigia. Nimewaambia Jumatatu hurudi."

"Umewapigia nani?"

"Kazini kwako."

"Dean, umewaambia nimeacha kazi? Bila kuniuliza?"

"Wewe mwenyewe ulisema umechoka."

"Nilisema nimechoka mgongo!"

Alicheka, akamgusa kidevu. "Basi mgongo itapumzika. Kula, inapoa. Tukimaliza tunaenda kuona nyumba. Mum namshusha kwanza."

Nje giza la saa kumi na moja la Januari lilikuwa limeanza kuugusa uwanja wa magari. Trekta la kukwangua theluji lilikuwa likinguruma pale, taa yake ya njano inazunguka. Mwenye mkahawa alitoka nyuma ya kaunta akauliza kwa sauti gari jeusi lililoziba njia ni la nani.

Dean hakuinuka mara moja. Alimtazama mama yake, kisha Donatienne, kisha mama yake tena.

"Narudi sasa hivi," alisema. "Msile chakula yangu."

* * *

Mlango ulipofungwa tu, Bi Lourdes aliinama juu ya meza.

"Sina muda, kwa hiyo nisikilize na usinikatize. Usiangalie mlangoni, nitaangalia mimi. Alikwambia kwamba nimekuita mfua mashuka?"

"Ndiyo, Mama."

"Sikusema. Aliponisimulia kwamba amekwambia hivyo, nilinyamaza. Nikasema moyoni, mwache msichana anichukie. Msichana akitukanwa na mama mkwe hukimbia. Wewe hukukimbia."

"Nilimpenda."

"Ndiyo. Hilo ndilo lililoniponza." Alimeza mate. "Alikuwepo msichana kabla yako. Elaine. Mtoto wa parokia yetu, Mgoa mwenzetu, wazazi wake watu wa Kampala. Tulimtaka sote, tulimchezea ngoma. Dean akaanza kumpeleka kazini na kumrudisha. Mara kazi ikaisha. Mara simu ikawa ya kupokelewa na yeye. Mara Elaine akawa hayupo hata kanisani. Ukienda kubisha, amelala. Ukienda tena, amelala. Nikawaendea kaka zangu, nikawaendea wazazi wake, wakasema niache wivu wa mama mkwe. Februari ile alitoroka kupitia dirisha la besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, miguu mitupu kwenye theluji. Jirani ndiye aliyemwokota. Vidole viwili vya mguu vilikatwa."

"Mungu wangu."

"Yupo. Anaishi. Sikuambii wapi, wala mtu asikuambie." Macho yake hayakubanduka mlangoni. "Ile nyumba ya mlango wa buluu. Amesema amepewa ufunguo leo?"

"Leo asubuhi."

"Ni yake mwaka wa nne huu, mwanangu. Ni nyumba ile ile."

Donatienne alihisi sakafu inaondoka. Lakini moyo una mawakili wake, nao walisimama wote kwa pamoja. Mama gani humsema mwanawe hivi? Huyu si ndiye asiyekutaka? Labda hii ndiyo fitina yenyewe, iliyopikwa ikaiva. Akaikumbuka mikono ile na kitana, machozi yale juu ya mto wa bibi. Yalikuwa machozi ya kweli. Angeapa mbele ya msalaba kwamba yalikuwa ya kweli.

"Kwa nini nikuamini?" alinong'ona.

Bi Lourdes hakukasirika. "Usiniamini. Mwulize yeye." Akavuta mkono wa koti lake mpaka ukafunika kifundo cha mkono chenye michubuko ya vidole, na hapo ndipo Donatienne alipoelewa kwa nini hakulivua. "Anakuja. Kula."

Dean aliketi, theluji inayeyuka mabegani mwake. Aliwatazama wote wawili, akitabasamu.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

Meza ya jirani mtu alikuwa akifyonza tambi.

"Dona? Mum alikuwa anakuambia nini?"

"Ameniambia hanitaki," Donatienne alisema. Hakujua jibu lilitoka wapi, ila lilitoka likiwa na machozi, na machozi hayakuwa ya uongo. "Ameniambia nitafute mtu wa kwetu."

Mabega ya Dean yalishuka. Ndiyo, yalishuka kwa raha, kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. "Pole, mpenzi. Nilikuambia."

Donatienne alikoroga punje nyeusi chini ya glasi yake.

"Niambie kuhusu nyumba yetu," alisema. "Ina vyumba vingapi?"

"Viwili. Na besimenti kubwa. Unaweza kuweka cherehani yako huko."

"Chini huko si kutakuwa na giza? Kuna dirisha?"

"Iko moja." Dean alichukua kipande cha kuku, akakichovya kwenye pilipili. "Lakini nimeweka chuma. Kuna wezi."

"Umeweka lini?"

"Ah, zamani."

Alilisema neno lile huku anatafuna. Kisha akaacha kutafuna.

Walitazamana. Donatienne alikuwa ameyapenda macho yale kwa sababu yalimtazama kama hakuna mwingine duniani. Sasa yalimtazama vile vile, hayakubadilika hata kidogo. Alitamani yabadilike. Yalikuwa haya haya tangu mwanzo, nani atamsamehe kwa kutoyasoma?

"Tunaenda," Dean alisema kwa sauti ya chini. "Kula imetosha."

Alinyoosha mkono nyuma kulichukua koti. Hapo ndipo Bi Lourdes aliposukuma kiti, akasimama, akapiga meza kwa kiganja hata bakuli zikaruka.

"Haendi popote na mwanangu!"

Mkahawa mzima uligeuka.

"Mum. Kaa chini."

"Sikai! Nimekuja kuonyeshwa mke, nimeonyeshwa yaya! Mimi nizae, nilee, nisomeshe, halafu uniletee mfua mashuka aliyetoka kambini hata kwao hakujulikani? Na wewe!" Kidole kilisimama mbele ya uso wa Donatienne. "Huna haya? Umekaa unakula chakula cha mwanangu, unaikodolea macho nyumba yake! Toka! Toka mbele yangu! Kama una damu mwilini, inuka uende, usigeuke nyuma!"

Hakuna aliyejua Kiswahili mle ndani, lakini matusi hayahitaji mkalimani. Mwanafunzi mmoja aliacha kijiti hewani. Na Donatienne, aliyeyalilia maneno yale yale majira mazima, aliyasikia leo mapya kabisa. Machoni mwa mama yule palikuwa na maombi matupu. Nenda. Nenda, mwanangu. Nenda wakati watu wanatazama.

Aliinuka. Alifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti kama binti yeyote aliyekataliwa na mama mkwe mbele ya kadamnasi, akapita kati ya meza mbio, akausukuma mlango.

Nyuma yake alimsikia Dean, "Dona! Koti yako!" na Bi Lourdes akimng'ang'ania, "Niache nianguke, mwanangu, moyo, moyo wangu!"

* * *

Baridi ilimpiga kifuani kama mtu. Alikimbia bila koti, bila simu, viatu vinateleza, mpaka kwenye kibanda cha basi upande wa pili wa uwanja. Mbali kule kwenye barabara ya Finch, taa za basi zilikuwa zinakuja. Ameponyoka. Angefika stesheni, angefika Weston, angemwambia Évariste.

Aligeuka. Aliambiwa asigeuke, akageuka.

Kupitia kioo chenye ukungu aliwaona. Bi Lourdes alikuwa amekaa tena. Dean amekaa karibu naye, karibu mno, uso wake unatabasamu kuelekea mkahawani, na mkono wake uko juu ya mkono wa mama yake mezani. Kwa mbali wangedhaniwa ni mama na mwana wanasuluhishana. Lakini kichwa cha mama kilikuwa kimeinama kikizidi kuinama, taratibu, kama mtu anayebanwa na mlango.

Mum namshusha kwanza. Mama yule ataingia kwenye gari lile jeusi. Atarudi naye nyumba moja.

Basi lilikuwa sasa kwenye taa za karibu. Donatienne alilitazama, akautazama mkahawa. Alimwomba Mungu ampe sababu ya kubaki pale alipo, na Mungu hakumpa.

Alirudi.

Mlango ulipofunguka Dean aliinua kichwa, na uso wake ukachanua. Alisimama, koti mkononi. "Nilijua utarudi. Umesahau koti."

"Sikufuata koti." Meno yalikuwa yanagongana. "Mama, basi linafika. Twende."

Bi Lourdes alimkodolea macho kama aliyeona mzuka.

"Mum anakuja na mimi," Dean alisema.

"Mama anakuja na mimi."

"Dona, usifanye hivi. Watu wanatazama."

"Watazame." Akasema tena, kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kukitumia Kiingereza tangu afike nchi hii. "Nataka watazame! Mwachie mkono!"

Vijiti vilitua. Mwenye mkahawa alitoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono kwenye aproni. Alikuja akasimama pale penye meza, mfupi, kifua mbele, akauangalia mkono wa Dean uliokuwa juu ya mkono wa mama mzee. Aliuangalia tu. Mpishi naye akachungulia, akatoka, akasimama nyuma yake. Baba wa ile familia ya kuku akainuka.

Dean aliinua mkono polepole, kidole kimoja kimoja. Alitabasamu kwa kila mtu.

"Mum amechoka," aliwaelezea. "Ni mambo ya familia." Kisha kwa Kiswahili, akimtazama Donatienne, sauti nyororo ile ile iliyomwambia nakupenda mara ya kwanza kwenye meza hii hii: "Nenda. Pumzika. Mimi najua Weston. Mimi najua kwa kaka yako, ghorofa ya tisa. Nitakuja tuongee."

Donatienne alimshika Bi Lourdes mkono usioumia, akamwinua. Alikuwa mwepesi kama bibi yule waliyemlea yeye na Dean.

* * *

Dereva wa basi aliwangoja. Walikaa kiti cha nyuma, Bi Lourdes akafungua koti lake pana la zambarau akamfunika Donatienne nusu, wakakaa humo wote wawili wakitetemeka. Basi liliondoka, likapita maduka, kituo cha mafuta, maghorofa yenye taa za njano. Mama mmoja wa Kisomali alimwazima Donatienne simu kabla hajamaliza kuomba.

"Kaka, njoo stesheni ya Finch," alisema. "Njoo na rafiki zako wa kiwandani. Usiniulize. Na leo hatulali nyumbani, wala wewe. Mpigie Joyeuse, mwambie tuko njiani kwake. Mwambie alikuwa na haki."

Aliporudisha simu aliona taa mbili nyuma ya basi. Hazikulipita basi wala hazikuachwa. Kila kituo liliposimama, nazo zilisimama.

"Mama—"

"Nimeziona tangu tulipoondoka. Usigeuke."

Hawakugeuka. Barabara ilikuwa ndefu. Abiria walipanda, abiria walishuka, na mwanga wa taa zile ulibaki kwenye dari la basi, ukitikisika. Mpaka basi likakata kona kuingia stesheni, mahali ambapo magari ya watu hayaruhusiwi, na mwanga ule ukasimama, ukakaa, ukazimika. Haukuondoka; ulizimika tu. Upande huu, chini ya taa kubwa, Évariste alikuwa tayari amesimama na wanaume wawili, wamevaa makoti juu ya ovaroli za kazi, anaangaza kila dirisha akimtafuta dadake.

"Yule ndiye kaka yangu, Mama. Kwake hutaambiwa ukae wapi."

Bi Lourdes alitikisa kichwa kukubali. Mkono wake ulioumia ulikuwa umelala mapajani, umevimba, na Donatienne, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mikono ya wazee, aliupokea kwenye viganja vyake. Hapo kilio kilichokuwa kimengojea njia nzima kikamjia, kilio cha kweli sasa, kisicho na mtazamaji.

"Nampenda, Mama," alisema. "Hata sasa. Nifanyeje? Nampenda."

"Najua." Bi Lourdes hakumtazama. Alikuwa anaukazia macho ukuta wa stesheni, kule nyuma yake palipobaki gari. "Mimi je? Mimi nimemzaa."

Mlango wa basi ukafunguka, wakashuka.